Fundi Ajibu: Laptopu ya Gemu, Nguvu Zake na Mzigo Wake

Barua nyingi za safari hii zinahusu laptopu za gemu. Kuna wanaotaka kununua, kuna walionazo na zinawasumbua, na kuna mzazi mmoja anayehofia itamletea moto ndani ya nyumba. Mashine hizi nazifungua kazini mara kwa mara, na yangu mwenyewe ya inchi 16 ndiyo ninayoandikia majibu haya. Nazipenda. Ndiyo maana naumia ninapoona mtu ameuziwa asichokihitaji, au anayo nzuri lakini anaitumia vibaya hadi anaichukia. Nimechagua barua tano.

Fundi, shikamoo. Mimi na rafiki yangu tumenunua laptopu zenye kadi ya michoro ya jina moja, RTX 4060. Prosesa yangu ni mpya kuliko yake. Cha ajabu, tukicheza gemu ile ile kwa mipangilio ile ile, yake inatoa fremu nyingi (picha kwa kila sekunde) na yangu inaachwa mbali. Je, nimeuziwa kadi bandia?
*Kijana mwenye mashaka*

Marahaba, kijana. Kadi yako ni halali kabisa. Kilichokupata kinawapata wengi, kwa sababu kibandiko kinataja jina la kadi na kunyamazia chakula chake. Chakula cha kadi ya michoro ni wati.

NVIDIA inaruhusu RTX 4060 ya laptopu kuwekewa kiwango chochote kati ya wati 35 na 115, na mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua. Akitengeneza mashine nyembamba, yenye feni ndogo na mabomba machache ya kupoza, ataiwekea wati chache ili isiungue. Akitengeneza mashine nene yenye mapafu ya kutosha, ataiachia kiwango cha juu, na nyingine huongezewa wati kadhaa kutoka kwenye fungu la prosesa pale prosesa inapokuwa haina kazi nzito. Zote mbili zinauzwa kwa jina moja. Tangu mwaka 2021 NVIDIA imewataka watengenezaji wazitaje wati hizo kwenye maelezo ya bidhaa, lakini mara nyingi utazikuta chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Yako unaweza kuipima sasa hivi. Fungua paneli ya udhibiti ya NVIDIA, ingia kwenye taarifa za mfumo, utafute mstari unaotaja kiwango cha juu cha nguvu ya michoro. Mwambie na rafiki yako afanye hivyo. Ikiwa yake inasema 115 au zaidi na yako inasema 60, jibu umelipata, na hakuna programu itakayokuongezea wati ambazo mwili wa mashine yako haukujengewa.

Ila usikate tamaa kabla ya kukagua mambo mengine matatu, maana nimeona laptopu nyingi zikilaumiwa kwa kosa la mipangilio.

La kwanza ni hali ya utendaji. Laptopu hizi huja na programu ya mtengenezaji yenye hali ya kimya, ya wastani na ya nguvu. Ikiwa iko kwenye kimya, kadi inabanwa hata kama imechomekwa kwenye umeme.

La pili ni RAM, kumbukumbu ya kazi ambayo prosesa huitumia. Ikiwa una kijiti kimoja cha GB 16, prosesa inapitisha data kwenye njia moja tu. Vijiti viwili vya GB 8 vinaipa njia mbili, na kwenye gemu zinazoitegemea sana prosesa utaiona tofauti, hasa pale picha zinapokwamakwama. Kabla hujanunua kijiti cha pili, hakikisha mashine ina nafasi yake. Kuna laptopu ambazo RAM imelehemewa moja kwa moja kwenye ubao, na hizo haziongezeki kamwe.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui. Laptopu nyingi zina kadi mbili za michoro: ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na ile kubwa uliyoilipia. Katika hali ya kawaida skrini imeunganishwa na ile ndogo. Kadi kubwa inachora fremu, kisha inaipitisha kwa ndogo ndipo ifike kwenye skrini, na njia hiyo inakula sehemu ya fremu zako. Mashine zenye swichi ya MUX zinaweza kuikata njia hiyo na kuiunganisha skrini moja kwa moja na kadi kubwa. Itafute swichi hiyo kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikiwa huna, chomeka skrini ya nje kwenye tundu la HDMI. Kwenye laptopu nyingi za gemu tundu hilo limeunganishwa na kadi kubwa, kwa hiyo utapata nafuu ile ile.

Na jambo hili haliishii kwenye kadi yako. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina viini 16,384 vya kuchakata, kumbukumbu ya GB 24, na inakula hadi wati 450. Ya laptopu yenye jina hilo hilo ina viini 9,728, GB 16, na wati 80 hadi 150. Idadi hiyo ya viini ni ya RTX 4080 ya mezani. Ni kadi nzuri sana kwa laptopu, lakini mtu anayeinunua akidhani amebeba ile ya mezani kwenye begi amepotoshwa na jina.

Nikiambiwa nichague kati ya kadi ya daraja la juu iliyonyimwa wati na ya daraja la chini yake iliyoshiba, nachukua iliyoshiba. Lakini wati nazo zina kikomo cha faida. Kwa RTX 4060, kupanda kutoka 45 hadi 100 utakuona kwa macho. Kupanda kutoka 100 hadi 140 kunaongeza joto na kelele kuliko fremu.

Habari fundi. Naanza chuo hivi karibuni, nasomea usanifu majengo. Kaka yangu anasema ninunue laptopu ya gemu kwa sababu ya nguvu. Baba anasema hizo ni za kuchezea na zitanipotezea muda. Nani yuko sahihi?
*Msanifu mtarajiwa*

Kwa mashine, kaka yako yuko sahihi. Kuhusu muda, hilo umalizane na baba.

Kadi ya michoro haijui kama kitu inachokichora ni ngome ya kwenye gemu au ghorofa lako la darasani. Hesabu ni zile zile: pembetatu, mwanga, vivuli. Lumion, ambayo wanafunzi wengi wa fani yako huitumia kutoa picha za majengo, inategemea kadi hiyo kwa kiasi kikubwa. Blender inaweza kuitumia kadi kupiga picha ya mwisho kwa muda mfupi mno ukilinganisha na prosesa peke yake. Revit yenyewe inaendeshwa kwenye Windows, na hiyo hutegemea zaidi kasi ya prosesa na wingi wa RAM. Laptopu ya gemu huwa navyo vyote viwili. Ile ya ofisi, nyembamba na nzuri kwa macho, itakupa uchungu siku ya kuwasilisha kazi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu wewe hutacheza tu. Utaibeba kila siku. Laptopu ya gemu ya inchi 16 huwa na uzito wa kama kilo mbili na nusu. Chaja yake, ikiwa ya wati 230 au 280, inakaribia kilo nzima pamoja na waya. Vaa begi lenye uzito huo, tembea nalo, panda nalo ngazi, ndipo uamue. Ukiona ni mzigo, chukua ya inchi 14 na ukubali kwamba itakuwa na joto zaidi na wati chache zaidi. Kwa kazi zako bado itakutosha.

Kwenye skrini usikimbilie kasi. Skrini ya 240 Hz, inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde, inampendeza mchezaji wa mashindano, lakini wewe unataka rangi za kweli. Soma maelezo: ikiandikwa asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wigo wa rangi), iache. Ukuta ulioupaka rangi ya udongo utaonekana wa kijivu, na ukichapisha kazi yako kwenye karatasi utashangaa. Tafuta inayofikia asilimia 100 ya sRGB (kipimo kingine cha rangi), yenye mwanga wa niti 300 au zaidi. Hapa ndipo watengenezaji wengi hubana matumizi, maana mnunuzi huuliza kadi na kusahau kwamba kila kitu atakiona kupitia kioo kile.

RAM, lenga GB 32, au GB 16 kwenye mashine yenye nafasi ya kuongeza. Diski pia: gemu moja kubwa ya siku hizi inaweza kupita GB 100, na faili za majengo nazo zinanenepa, kwa hiyo nafasi ya pili ya SSD (diski ya kasi) ni neema.

Darasani iweke kwenye hali ya kimya na uiache itumie kadi ndogo peke yake. Ukiisahau kwenye hali ya nguvu maktabani, kila mtu atageuka. Feni zake zikiwa kwenye kasi ya juu zinaweza kupita desibeli 50, na hiyo ni sauti ya kusikika meza ya tatu.

Mwanangu fundi, mimi si mtu wa kompyuta. Kijana wangu anacheza kitandani, laptopu imelala juu ya blanketi. Feni inanguruma, na ukishika juu ya vitufe pamoto. Naogopa usiku itashika moto. Nimnyang'anye?
*Mama mwenye hofu*

Shikamoo mama. Usimnyang'anye, ila itoe kitandani leo hii.

Feni za laptopu hizi hunyonya hewa baridi kutoka chini na kuitema ya moto nyuma na ubavuni. Ukiilaza juu ya blanketi, umeiziba pua. Prosesa ikifika karibu nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, yenyewe hujipunguza mwendo ili isiungue, na ikizidi mno mashine huzima. Kwa hiyo hiyo ngurumo na joto la kwenye vitufe, peke yake, si dalili kwamba inakaribia kulipuka. Ila inavyopikwa hivyo kila siku, feni zinachakaa mapema, na kitu ninachokihofia kuliko vyote, betri, kinazeeka haraka.

Betri ndiyo naomba uiangalie kwa macho yako mwenyewe. Funga laptopu, iweke mezani. Je, inayumba, kama tumbo lake limevimba? Je, kile kipapaso cha chini ya vitufe kimeinuka au hakibonyezeki vizuri? Ukiona hivyo, izimwe, isichajiwe tena, ipelekwe kwa fundi. Betri iliyovimba haitobolewi wala haikandamizwi ili irudi. Hiyo ndiyo hatari ya kweli ya moto, na inaonekana kwa macho.

Kama haijavimba, mwambie kijana aiweke juu ya kitu kigumu na bapa, meza au hata ubao, na ainyanyue nyuma kidogo ili hewa ipite. Kunyanyua huko peke yake mara nyingi hushusha nyuzi kadhaa. Kisha ipelekwe ikasafishwe ndani. Ninapofungua laptopu ambayo imekaa kitandani muda mrefu, kati ya feni na mapezi ya kupoza nakuta tabaka la nyuzi za shuka na vumbi, limeshikana kama pamba ya mto, na hakuna hewa inayopita hapo. Fundi alitoe kwa brashi laini na hewa, huku ameishika feni isizunguke, kwa sababu kuizungusha kwa upepo mkali kunaharibu mhimili wake. Mwombe pia aiangalie pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na mabomba ya kupoza, maana ikikauka, feni zitanguruma bure.

Jambo la mwisho ni la kijana mwenyewe, mama, umpe asome. Gemu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha fremu. Ukiiachia mashine bila kikomo, itachora fremu 200 kwa sekunde hata kwenye menyu ambako hakuna kinachotokea. Aweke 60, au 90 kama anapenda ulaini zaidi. Yangu iko kwenye 90, na kwa gemu ninazocheza, feni zimeshuka hadi nasikia nyayo za adui bila kuvaa spika za masikioni.

Fundi, laptopu yangu inaruka kama paa ikiwa kwenye chaja. Nikiichomoa tu, gemu inakuwa nzito, na betri inaisha ndani ya saa moja. Chaja ya simu ya USB-C inaingia lakini haisaidii. Na je, nitaruhusiwa kuipanda nayo ndege?
*Msafiri*

Haina ugonjwa. Piga hesabu nami. Betri kubwa ya laptopu huwa kama wati-saa 90. Mashine ikicheza gemu kwa nguvu zote, kadi na prosesa na skrini kwa pamoja zinaweza kudai wati 180 au zaidi. Hiyo ni nusu saa, na betri yenyewe haiwezi kumwaga umeme kwa kasi hiyo kwa usalama. Kwa hiyo ukichomoa chaja, mashine inaibana kadi ili idumu, na ndiyo ile saa moja unayoipata. Anayekuuzia laptopu ya gemu kwa ahadi ya kucheza gemu nzito mbali na soketi, usimwamini. Kwa kuandika na kusoma, ukitumia kadi ndogo na kuishusha skrini hadi 60 Hz, utapata saa kadhaa.

USB-C: kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa na kikomo cha wati 100. Kiwango kipya kilichotangazwa mwaka 2021 kimefika 240, lakini chaja na laptopu zote mbili zinapaswa kukikubali. Chaja ya simu haifiki hata karibu. Chaja ya USB-C ya wati 100 inafaa safarini kwa kazi za kawaida, na inakuepusha kubeba lile tofali.

Ndege, hamna shida. Betri isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa bila kuomba kibali, na ndiyo maana utakuta laptopu kubwa zimeishia kwenye 99. Kati ya 100 na 160 inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Beba laptopu kwenye begi la mkononi, na kama una betri ya akiba, hiyo ni lazima uwe nayo ndani, haiendi kwenye mizigo ya chini.

Ukiwa nyumbani na imechomekwa muda wote, weka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80. Programu ya mtengenezaji huwa na kipengele hicho. Betri ya lithiamu inachoka zaidi ikikaa imejaa huku ina joto, na laptopu ya gemu iliyochomekwa inaipa yote mawili kwa wakati mmoja.

Fundi, ninayo laptopu ya gemu ya miaka kadhaa. Kadi yake ina GB 6 na gemu mpya zinaikataa. Naweza kubadilisha kadi peke yake? Au niiuze ninunue kompyuta ya mezani?
*Mchezaji wa muda mrefu*

Kadi huwezi, kwa karibu laptopu zote zilizoko sokoni, kwa sababu imelehemewa kwenye ubao mkuu. Framework Laptop 16 ni tofauti kwa kuwa kadi yake inachomolewa kama moduli, lakini hiyo si uliyonayo. Huu ndio udhaifu unaoniuma zaidi kwenye mashine hizi: skrini bado nzima, kibodi nzima, prosesa bado ina nguvu, na yote yanastaafu pamoja kwa sababu ya kadi moja.

Kabla ya kuiuza, shusha ubora wa tekscha kwanza, yaani picha zinazopakwa juu ya kuta na vitu vya kwenye gemu, maana hizo ndizo zinazojaza kumbukumbu ya kadi. Usianze kwa kushusha kila kitu. Kisha washa DLSS ikiwa kadi yako ni ya RTX, au FSR kwa nyinginezo. Zote mbili zinaiwezesha gemu kuchora picha ndogo na kuikuza, na kwa skrini ya laptopu jicho halilalamiki sana. Unaweza kupata mwaka mwingine wa raha hapo.

Ukiamua kuhama, jiulize mara ya mwisho laptopu hiyo ilitoka mezani lini. Ikiwa unakumbuka safari, chumba cha rafiki, kazi uliyoifanyia ugenini, basi nunua laptopu nyingine, na safari hii anza kwa kuuliza wati na kumbukumbu ya kadi. Mimi nisingeshuka chini ya GB 8. Umeme ukikatika pia, laptopu inakuacha uhifadhi kazi yako, na kompyuta ya mezani bila UPS inazima papo hapo. Lakini kama imekaa hapo hapo na chaja haijawahi kuchomolewa, ya mezani itakupa nguvu zaidi kwa kiasi kile kile cha pesa, kimya zaidi, na kadi utakayoibadilisha peke yake miaka ijayo.

Ukiiuza, ifute diski yote kwa kuirudisha Windows mwanzo kabla haijatoka mkononi mwako. Na umpe mnunuzi chaja yake halisi, yenye wati zake. Naletewa laptopu zilizouzwa na chaja ndogo ya kubahatisha: mwenye nayo analalamika kwamba gemu zinakwama na betri inashuka ingawa imechomekwa, kumbe mashine inadai 230 na inapewa 90.

Anayetaka kuuliza kwa ajili ya toleo linalofuata, ataje modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya laptopu na wati zilizoandikwa kwenye chaja. Bila hivyo viwili sitaweza kumjibu kwa uhakika.